UZI: Anza Morse kwa kasi kubwa tangu siku ya kwanza, polepole kulinipotezea miaka miwili

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi wa redio hapa Moshi, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, na jambo lililonifanya nifungue uzi huu ni moja. Anayetaka kujifunza kupokea Morse (herufi zinazotumwa redioni kwa milio mifupi, yaani nukta, na mirefu, yaani mistari) kwa sikio asianze na herufi zinazotumwa polepole. Aanze na herufi zinazopita kwa kasi ambayo hawezi kuzihesabu nukta zake hata akitaka, yaani maneno 25 kwa dakika au kuzidi kidogo, na kama ni kupunguziwa mzigo, basi apunguziwe idadi ya herufi na aongezewe kimya kati ya herufi moja na nyingine. Msimamo huu nimeufikia baada ya kupoteza miaka miwili, na kwa kuwa nawaona vijana hapa mjini wakishika njia ileile iliyonipoteza mimi, nimeona nieleze kwa urefu.

Mara ya kwanza nilijifunza kwa karatasi. Mafunzo niliyoyalipia, ambayo sina haja ya kuyataja, yalimpa kila mwanafunzi jedwali la herufi na tarakimu, tukaambiwa tulikariri kwa macho kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha shuleni. Baada ya wiki tatu nilikuwa nalo lote kichwani. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza Y, ningekujibu papo hapo kwamba ni mstari, nukta, mistari miwili. Ndipo tukaanza kusikilizishwa kwa maneno 5 kwa dakika, na darasa zima likafurahi kwa sababu kila mmoja alipata. Tukapanda hadi 7, kisha 8, na hapo nikasimama. Miezi ikapita. Nikanunua redio nyingine nikidhani tatizo ni mlio, lakini kila nilipofungua masafa ya megahezi 7 usiku, watu walikuwa wakizungumza wao kwa wao kwa kasi ambayo kwangu ilikuwa mvua juu ya bati.

Kilichokuwa kikitokea kichwani mwangu ni hiki. Katika Morse kipimo cha kila kitu ni nukta: mstari ni sawa na nukta 3, kimya kati ya vipande vya herufi moja ni nukta 1, kati ya herufi na herufi ni nukta 3, na kati ya neno na neno ni nukta 7. Neno la kupimia kasi ni PARIS, ambalo pamoja na kimya kinacholifuata hutimiza nukta 50 kamili, kwa hiyo ukigawa 1200 kwa idadi ya maneno kwa dakika unapata urefu wa nukta moja kwa milisekunde. Kwa maneno 5 nukta ni milisekunde 240, na herufi Q, yenye mstari, mstari, nukta, mstari, inachukua zaidi ya sekunde 3 hadi iishe. Sikio halipati mlio mmoja hapo. Linapata vipande vinne vilivyoachana, na akili, kwa kuwa ina nafasi, inavipanga pembeni kimoja kimoja, inasubiri herufi iishe, inakwenda kwenye jedwali, inatafuta, inarudi na jibu. Kwa maneno 5 safari hiyo inawezekana. Kufika 10, akili inaporudi na jibu inakuta herufi mbili zimeshapita. Tena mazoezi hayaiondoi safari yenyewe, kwa sababu kinachozoezwa kila siku ni kwenda kwenye jedwali, na mtu anazidi kuwa hodari wa kwenda kwenye jedwali.

Uwanda huu wa kukwama ni jambo la zamani. William Lowe Bryan na Noble Harter wa Marekani, katika tafiti zao za mwaka 1897 na 1899 kuhusu watu wa telegrafu, walichora maendeleo ya wanafunzi na kukuta kwamba kutuma hupanda bila kusimama sana, lakini kupokea hupanda, hulala kwa majuma mengi kama ardhi tambarare, kisha hupanda tena. Maelezo yao ni kwamba mpokeaji hupanda ngazi za mazoea, kwanza herufi, baadaye neno zima. Ninakubaliana nao, na sidai kwamba kuanza kwa kasi kunaondoa kila kituo cha njiani. Ninachodai ni kwamba wengi wetu tuliokwama kwenye maneno 8 au 10 hatukuwa tumefika hata kwenye ngazi ya kwanza, kwa sababu hatukuwa na zoea la herufi. Tulikuwa na zoea la kuhesabu.

Nilianza upya kwa herufi mbili tu, K na M, kwa kasi ya maneno 25. Nukta hapo ni milisekunde 48, na Q ambayo awali ilinichukua sekunde 3 inaisha kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Siku ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyepewa lugha ya kigeni, na kwa kuwa jedwali lilikuwa bado ndani, kichwa kiliendelea kujaribu kuhesabu na kushindwa. Kushindwa huko ndiko kulikonisaidia. Baada ya siku nne au tano akili iliacha kujaribu, na kati ya mlio na mkono hapakubaki kitu: daa-di-daa (daa ni mstari, di ni nukta) ikawa K kama vile sauti ya mama mzazi ilivyo sauti ya mama mzazi, bila kupitia maelezo yoyote. Kisha nikaongeza U, kisha R, kila mara nilipopata asilimia 90. Ilinichukua miezi mitano kumaliza herufi zote na tarakimu, dakika 20 asubuhi kabla ya kufungua kibanda na dakika 20 usiku. Ukilinganisha na ile miaka miwili, utaelewa kwa nini ninaandika kwa uchungu.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Alama za wito (majina ya vituo hewani) za Tanzania huanza na 5H. Kwa Morse, 5 ni nukta tano na H ni nukta nne, kwa hiyo alama ya nchi yetu ni nukta tisa zenye kimya kifupi katikati, na kwa anayehesabu huu ni mtego mbaya, maana S ni tatu, H nne, 5 tano, na ukipoteza moja umebadilisha maana. Kwa maneno 25, H inachukua milisekunde 336 na 5 inachukua 432. Tofauti hiyo hakuna anayeihesabu, lakini sikio lililozoea linaisikia kama tofauti ya umbo: H ni mkupuo unaokatika ghafla, 5 ni mkupuo unaomalizika kwa utulivu. Nilipokuwa wa polepole, 5H ilinishinda kabisa. Sasa naisikia kama neno.

Mfano wa pili ni mpwa wangu aliye kidato cha kwanza. Yeye hakuwahi kuoneshwa jedwali. Nilimweka kwenye hedifoni, nikampa K na M kwa kasi ya maneno 28, nikamwambia akisikia huu aandike hivi, akisikia ule aandike vile. Hakulalamikia kasi hata mara moja, kwa sababu hakujua kwamba kuna kasi nyingine. Alipofika herufi ya kumi na moja, ambayo ni L, nilimuuliza L ina nukta ngapi. Alinyamaza, akaimba taratibu "di-daa-di-di" huku akikunja vidole kimoja baada ya kingine, kisha akasema tatu. Yaani mtoto aliyekuwa akiandika L bila kusita kila ilipopita alilazimika kwenda kutafuta imeundwa na nini, wakati mimi nilianza na imeundwa na nini na nikashindwa kuisikia.

Tuwape wenyewe haki yao. Njia ya kuanza na herufi mbili kwa kasi kamili na kuongeza moja moja ni ya Mjerumani Ludwig Koch, aliyeifanyia utafiti katika miaka ya 1930. Wengi wanadhani Koch alitumia kasi kubwa sana, lakini yeye alifundisha kwa herufi 60 kwa dakika, ambayo ni maneno 12, kasi iliyotakiwa kazini wakati huo. Waliokuja baadaye ndio waliopandisha hadi 20 na 25. Njia ya kutuma herufi kwa haraka huku kimya kati yake kikirefushwa inabeba jina la Mmarekani Farnsworth. Hizi mbili zinakaa pamoja vizuri, na mimi nilizitumia zote.

Ninakaribisha maswali, hasa kutoka kwa waliojaribu wakashindwa.

Mzee wa Sakina, Arusha

Ndugu Fundi, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru kwa kuandika jambo hili kwa Kiswahili, lakini siwezi kukubali yote. Nilikuwa afisa wa redio melini kwa miaka mingi, kabla Morse haijaondolewa kwenye mfumo wa uokoaji baharini mwaka 1999. Tulianzishwa polepole, tukapandishwa ngazi kwa ngazi, na tulifika. Ukutani kwenye chumba cha redio palikuwa na saa yenye sehemu nyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48 ya kila saa, ambapo kila meli ilinyamaza kwenye kilohezi 500 ili anayeomba msaada kwa sauti hafifu asikike. Watu waliokaa na hedifoni katika dakika zile walikuwa zao la mafunzo ya polepole, na hawakuwa wapokeaji dhaifu. Hofu yangu ni kwamba mtu mzima mwenye kazi zake akipewa maneno 25 siku ya kwanza atavua hedifoni na asirudi tena. Mtoto wa kidato cha kwanza ana sikio lingine.

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Ninashukuru sana kwamba umefika, kwa sababu hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na sitaki kuipita juu juu.

Ni kweli mlifika. Lakini mlikaa darasani saa kadhaa kila siku, miezi mfululizo, mkiwa na mtihani mbele yenu na ajira nyuma ya mtihani. Kwa saa nyingi namna hiyo, hata jedwali hatimaye huvunjika na mlio kushika nafasi yake. Fundi, mwalimu au dereva wa bodaboda mwenye dakika 20 za jioni hana saa za kutosha kujenga ukuta na kisha kuubomoa. Kasi ya maneno 5, mzee wangu, ilitokana na mitihani: Marekani, kwa mfano, ngazi ya chini ya leseni ya redio ya ridhaa ilidai 5, iliyofuata 13, ya juu 20, na vitabu vikaandikwa kwa mpangilio huohuo, kana kwamba sikio nalo linapanda ngazi hizo. Sharti hilo lenyewe limefutwa kule tangu mwaka 2007, ila desturi ya kufundisha kwa maneno 5 imebaki.

Naomba nikuulize kwa heshima kuhusu zile dakika tatu za kimya. SOS, iliyokubaliwa kwenye mkutano wa Berlin mwaka 1906, hutumwa bila kimya cha herufi, ni mlio mmoja wa vipande tisa. Je, kuna siku uliisikia ukahesabu tatu, tatu, tatu? Ninaamini uliitambua kabla haijaisha, na ninachosema mimi ni kwamba K, M na H zinaweza kujulikana hivyo tangu mwanzo.

Kuhusu hofu ya mtu mzima kukata tamaa, hapo ninakubaliana nawe kwa sehemu. Mtu mwenye umri mkubwa anahitaji muda mrefu zaidi kati ya herufi, na apewe huo muda: herufi ziende kwa 25, lakini kimya kirefushwe hadi kasi ya jumla iwe 6 au hata 5. Anayepewa K kwa milisekunde 432 kisha sekunde mbili za kufikiri haonewi. Anayepewa K iliyonyooshwa hadi inavunjika vipande ndiye anayeonewa.

Mwalimu wa Njiro, Arusha

Ninafundisha Kiswahili sekondari na Morse ni burudani yangu ya miaka michache. Nichangie jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote kwa lugha yetu. Urefu wa herufi za Morse ulipangwa kwa kufuata wingi wa herufi za Kiingereza, ndiyo maana E ni nukta moja na T ni mstari mmoja. Kwetu sisi A ndiyo inayotawala, na T si ya kila mara. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili yana mdundo wake, na mdundo huo unatokana na silabi zetu kuishia kwa irabu. Mtu akishazijua herufi, asikae muda mrefu kwenye herufi moja moja. Apewe NA, YA, WA, KA, KWA zikiwa milio kamili. NA ni daa-di, di-daa, yaani kipande na kivuli chake kilichogeuzwa, na ukiisikia kwa kasi ya 25 haisahauliki. KWA ni daa-di-daa, di-daa-daa, di-daa. Mimi nilivuka maneno 15 siku nilipoacha kupokea herufi na kuanza kupokea silabi, na siamini ningeweza kuzisikia silabi kama herufi zake zingekuwa zimenyooshwa.

Nina tahadhari moja. Anayefanya mazoezi kwa Kiswahili peke yake hatakutana na Q wala X, na hizo zimejaa kwenye alama za wito na vifupisho. Kwa hiyo makundi ya herufi zisizo na maana bado yanahitajika.

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

Mwalimu, umenipa kitu ambacho nilikuwa nikikifanya bila kukitambua. Nami nikuongezee kidogo. Nilikaa nikapima jina la mji wangu kwa nukta: M ni 7, O ni 11, S ni 5, H ni 7, I ni 3, jumla 33, kimya cha ndani ni 12 na cha mwisho ni 7. MOSHI ni nukta 52, imezidi PARIS kwa mbili tu. Arusha nimekuta ni 58. Tangu hapo napima kasi yangu ya kutuma kwa kuandika MOSHI mara 24 na kutazama saa. Ikiisha ndani ya dakika moja, najua niko kwenye maneno 25 karibu kamili.

Mazoezi mengine ninayoyapenda ni ya barabarani. Ukikaa kwenye daladala, usome vibao vya namba za magari kwa mlio, kimoyomoyo, na kwa kasi: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Hapo utakutana na X na Q bila kuzitafuta. Lakini zoezi hili lisichukue nafasi ya kusikiliza, kwa sababu linakuzoeza kutoka kwenye herufi kwenda kwenye mlio, na tunachotaka ni safari ya kurudi.

Binti wa Machame

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Moshi na sina redio wala uwezo wa kununua. Je, ninaweza kuanza kwa simu tu? Na swali la pili, kama kasi ni nzuri, kwa nini tusianze kwa 40 au 50 moja kwa moja? Nimeona watu wakisema hivyo ndivyo ilivyo bora zaidi.

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

Marahaba binti. Kwa simu unaweza, na pengine ni afadhali, kwa sababu redio ingekutia haraka. Ingia kwenye LCWO, tovuti ya kujifunzia Morse, ni bure, inafanya kazi kwenye kivinjari cha simu yoyote. Inaanza na K na M, kisha U, R, E, S, N, A na kuendelea. Weka kasi ya herufi 25 na kasi ya jumla 8, mlio karibu hezi 600, na uvae hedifoni. Ukitaka kusikia watu halisi bila redio, Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi kilichowekwa kwenye intaneti ambacho mtu yeyote anaweza kukizungusha kutoka popote. Sehemu ya chini ya megahezi 7 na ya 14 ndiko walipo watu wa Morse. Kusikiliza hivyo hakudai chochote, lakini siku utakayotaka kutuma hewani utahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Ukipata kipokezi cha mkononi cha masafa mafupi chenye uwezo wa kupokea Morse, kiweke kwenye megahezi 14.100. Huko kuna vituo 18 vilivyotawanyika duniani vinavyopeana zamu ya sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3, kila kimoja kikituma alama yake kwa maneno 22 kwa dakika na kufuatiwa na mistari minne ya sekunde moja, wa kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha 0.1. Hakuna mwalimu mvumilivu kuliko hao: alama ileile, kasi ileile, kila baada ya dakika 3. Kimojawapo ni cha Kenya, 5Z4B, lakini kwa masafa hayo mawimbi hupanda angani na kushuka mbali, kwa hiyo kilicho jirani huenda kikakuruka na ZS6DN ya Afrika Kusini ikakufikia vizuri. Umeme ukikatika mtaani, kimbilia redio yenye betri. Chaja za simu na taa za bei nafuu hutoa kelele nyingi, na zikizimika zote kwa pamoja, vituo hafifu ambavyo hukujua kuwa vipo vinajitokeza. Usiku wa namna hiyo ndipo niliposikia CQ kwa mara ya kwanza kama mwito, si kama C ikifuatwa na Q. Nilikuwa nimelala chali, sina kalamu, na nilijua mtu anaita kabla sijajua kwamba nimejua.

Sasa swali lako la kasi ya 40 au 50. Nimelijaribu na nitakuambia nilichokiona mimi. Kwa 40, nukta ni milisekunde 30 na H nzima ni milisekunde 210, karibu na muda wa kutamka silabi moja fupi. Kwa herufi ngeni, hapo nilipoteza tofauti kati ya S, H na 5, na nikaanza kubahatisha, na kubahatisha ni zoea baya kama kuhesabu. Mwanzo mzuri ni kasi inayokuzuia kuhesabu lakini inayokuachia umbo, nami naiona iko kati ya 22 na 30. Lakini kwa maneno mafupi yanayorudiwa, CQ (naita yeyote), DE (kutoka kwa), TU (asante), 73 (salamu za heri), ninakushauri usikilize kwa 35 hadi 40 mapema kabisa, kwa sababu neno zima lina umbo kubwa kuliko herufi na halipotei. Kwa juu zaidi ya hapo wapo: Ted McElroy wa Marekani alipokea maneno 75.2 kwa dakika mwaka 1939, nukta zikiwa za milisekunde 16. Katika kasi hiyo herufi hazipo tena kwa maana tunayoizungumza hapa.

Mzee wa Sakina, Arusha

Ndugu Fundi, nimerudi baada ya majuma matatu, na ninadhani ni wajibu wangu kueleza nilichokikuta. Mjukuu wangu aliniwekea programu uliyoitaja. Nilimwambia aanze kwa maneno 5, kwa nia ya kuonesha kwamba polepole hakumshindi mtu. Sikupata vizuri. Ilipopita C, ambayo ni mstari, nukta, mstari, nukta, kimya cha katikati kilikuwa kirefu kiasi kwamba niliandika N mbili. F ilinivunjikia vilevile. Mjukuu akapandisha hadi 22 bila kuniambia, na nikaandika ukurasa mzima bila kosa, baada ya miaka yote hiyo ya kutoshika hedifoni. Kwa hiyo herufi ninazozijua mimi hazipo kwenye maneno 5, na nikifikiri vizuri sikumbuki ni lini zilihama. Bado ninashikilia kwamba mwanafunzi anahitaji mwalimu wa kukaa naye siku za mwanzo, maana kasi ile inatisha. Lakini kuhusu herufi yenyewe ninakubaliana nawe.

Binti wa Machame

Mimi nina K, M, U, R na E. K, M na E hazinisumbui, lakini U na R zinanichanganya kila siku, nimekwama kwenye asilimia 82. Jana nilitaka kushusha kasi hadi 15 ili nizitofautishe, nikasita.

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

Mzee wangu, asante sana kwa uaminifu wako. C kugeuka N mbili sikuwahi kuiwaza, na kuanzia leo nitaitumia kila nikimweleza mtu.

Binti, ulifanya vyema kusita. Ukishusha hadi 15 utazitofautisha kwa kuhesabu mstari uko wapi, na kesho utarudi 25 ukiwa na U nyingine na R nyingine. Fanya kinyume chake. Tengeneza zoezi la herufi hizo mbili peke yake, dakika 5, na upandishe kasi hadi 28. Usikilize mwisho wake: U inaishia kwenye mlio mrefu, kama mtu anayesimama; R inaufunga mrefu katikati na kuishia kwa kugonga. Usiandike katika dakika mbili za kwanza, sikiliza tu. Rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha urudi kwenye herufi tano kwa 25, na ukipata 90 ongeza S siku hiyohiyo, usisubiri 100.